Askari Akirudi Jeshini, Cheo Chake Kipimwe kwa Kipimo Gani?

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa Soga)

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu, akina mama, na ninyi vijana mliosimama kule nyuma kwa kukosa viti,

Tumekuja Soga kwa treni, na njia nzima tulikuwa tukilizungumza swali mlilotuletea. Reli ya kwanza ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905. Ikafika Morogoro mwaka 1907, na Kigoma mwaka 1914. Kwa reli hiyo wamepita askari wa kila namna: wa Mjerumani, wa Mwingereza, na mwishowe askari wetu wenyewe. Sasa iko treni ya umeme, iliyoanza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi wa Juni 2024, na kituo chake ni hapa hapa Soga. Safari imekuwa fupi. Swali lenu halikufupika.

Swali lenyewe ni hili. Mtu ametoka jeshini na tepe tatu mkononi, akarudi nyumbani, akalima, akasomesha watoto. Miaka imepita, naye akajitolea tena katika mgambo. Siku ya gwaride akaambiwa asimame mstarini pamoja na vijana, na anayemwamrisha kwa umri ni mwanawe. Je, ni haki? Na mama mmoja ameuliza la pili, ambalo ni ndugu wa hilo la kwanza: kijana wake amemaliza muda wake katika Jeshi la Kujenga Taifa, amejua bunduki, amejua jembe, kisha alipochukuliwa kazi ya askari akaambiwa aanze upya kama kuruta. Kambi ya Ruvu iko jirani nanyi, kwa hiyo twajua swali hili mnalala nalo na kuamka nalo.

Tuliposhuka kituoni tulikwisha sikia majibu mawili. Wengine mnasema cheo ni mali ya mtu, amekitokea jasho, hakuna wa kumnyang'anya. Wengine mnasema cheo ni cha Serikali, mtu akivua sare amekiacha ghalani pamoja na buti. Sisi hatukubaliani sawasawa na jibu lo lote katika hayo mawili, na tutaeleza kwa nini. Lakini kwanza tutazame mambo yaliyotokea katika nchi yetu, maana wengi hudhani jambo hili ni geni, kumbe ni la zamani kuliko reli.

Mwaka 1889 Serikali ya Ujerumani ilimtuma Hermann von Wissmann kuja kuzima vita vya Abushiri katika mwambao. Hakuwa na askari. Akaenda Cairo, akawaandika Wasudani mia kadhaa waliokuwa askari wa Misri, watu ambao tangu Mahdi alipoiteka Khartoum mwaka 1885 walikuwa hawana kazi. Wengine aliwaandika Msumbiji. Basi jeshi la kwanza la Mjerumani katika nchi hii lilianza na askari wa zamani walioandikishwa tena. Nao hawakuja mikono mitupu. Walikuja na ngazi yao ya vyeo, yenye majina ya Kituruki waliyoyazoea Misri: ombasha, shaush, bashaush, sol, na juu kabisa efendi. Mjerumani akayachukua majina yale kama yalivyo, na watu wetu wakayashika. Hata leo kuruta anapomwita mkubwa wake "afande", analitamka neno la Waturuki lililosafiri kutoka Misri.

Kwa hiyo yuko askari aliyeruhusiwa kurudi kazini na ngazi yake. Lakini tazameni ngazi yenyewe ilikofika. Efendi, pamoja na ukuu wake wote na upanga wake, hakuwa na amri juu ya Mjerumani. Na efendi hao walikuwa wachache sana. Mjerumani aliihesabu kazi waliyoifanya Misri kwa sababu aliihitaji, naye akaihesabu mpaka pale alipotaka yeye.

Mwaka 1911 Waingereza nao, ili kupunguza gharama, waliivunja batalioni ya pili ya King's African Rifles, ambayo watu wetu waliiita Keya. Batalioni hiyo ilikuwa ya watu wa Nyasa. Baadhi ya askari walioachishwa walivuka mpaka, wakajiandikisha kwa Mjerumani, maana ndiyo kazi waliyoijua. Vita ilipokuja mwaka 1914, wakajikuta upande mwingine wa mtutu. Mwaka 1917 mambo yakageuka: Waingereza wakaiunda upya batalioni ya sita ya Keya, na sehemu kubwa ya askari wake walikuwa watu waliokuwa askari wa Mjerumani, waliotekwa vitani. Watu walewale, bunduki nyingine. Kumbukeni batalioni hiyo ya sita, tutakutana nayo tena.

Liko jambo moja la wazee hao ambalo husimuliwa sana, nasi twalileta kwa sababu linahusu vyeti. Mwaka 1964 Bunge la Ujerumani Magharibi lilikata shauri kuwalipa wazee waliokuwa askari wa Mjerumani na waliokuwa hai bado. Inasimuliwa kwamba wazee wengi walikusanyika Mwanza kwa malipo, na wachache tu ndio waliokuwa na karatasi. Basi mlipaji akawapa ufagio, mmoja mmoja, akawaamuru kwa Kijerumani kushika silaha kama katika gwaride. Wote wakashika. Hakuna aliyekosea. Hadithi hii inachekesha, na tuliposimuliwa sisi pia tulicheka. Lakini fikirini: mtu amepigana miaka minne, na baada ya karibu nusu karne ushahidi wake ni mpini wa ufagio.

Sasa tuje katika vita ya pili. Watu zaidi ya 80,000 wa Tanganyika waliingia katika majeshi ya Mwingereza kati ya mwaka 1939 na mwaka 1945. Walikwenda Abisinia, Madagascar na Burma. Huko wengi walipata vyeo, maana vita hula watu na nafasi zikawa nyingi. Lakini desturi ya jeshi la Kiingereza ni kwamba cheo cha vita kina maneno nyuma yake. Kuna cheo cha kukaimu, kuna cha muda, kuna cha wakati wa vita, na kuna cheo cha msingi. Katika gwaride hutaona tofauti, tepe ni zilezile. Tofauti huonekana siku ya amani. Siku hiyo hayo mengine huanguka kama majani makavu, ukabaki na cheo cha msingi tu, nacho huenda ni cha chini kabisa.

Wala msidhani kwamba mambo hayo yalimpata mtu mweusi peke yake. Dwight Eisenhower, aliyekuja kuwa mkuu wa majeshi yaliyoishinda Ujerumani na baadaye Rais wa Marekani, alikuwa Luteni Kanali wa muda katika vita ya kwanza. Mwaka 1920 jeshi lilipopunguzwa alirudishwa kuwa Kapteni, ingawa muda si muda alipewa Umeja. Akakaa na Umeja huo miaka kumi na sita. Na yuko Mwingereza T. E. Lawrence, Kanali aliyepigana pamoja na Waarabu dhidi ya Waturuki. Mwaka 1922 alijiandikisha katika jeshi la anga kama askari wa chini kabisa, tena kwa jina la uongo, kwa sababu hakutaka cheo chake kimfuate. Watu wa namna hiyo ni wachache, nasi hatumwambii mtu wa Soga amwige.

Lakini tofauti ilikuwapo, na ni kubwa. Eisenhower alipoteremshwa, ngazi ilikuwa palepale na kilele chake kilikuwa wazi kwake. Alipanda tena mpaka mwisho. Askari wa Keya aliteremshwa katika ngazi iliyokatwa juu. Wakati wa vita Waingereza walifanya cheo kipya cha Mwafrika wa kuongoza platuni, yaani kazi ya ofisa bila heshima ya ofisa. Vita ilipokwisha cheo hicho kikafutwa. Katika vita ile nzima hakuna Mwafrika wa Keya aliyepewa kamisheni ya Mfalme, ingawa kule Gold Coast alikuwako Seth Anthony aliyeipata mwaka 1942. Ilipofika katikati ya miaka ya 1950, wakati TANU imekwisha zaliwa na nchi inachemka, ndipo Mwingereza akalifufua jina la zamani la efendi, akaliweka kati ya Sajini Meja na ofisa mdogo wa Kizungu. Aliyetazama kwa makini aliona kwamba kwa vyeo tumerudi kule kwa Wissmann.

Ndiyo maana hatuwalaumu wale waliotoka Burma wakaona afadhali watafute njia nyingine. Abdulwahid Sykes na mdogo wake Ally walipigana Burma katika Keya. Walipovua sare hawakurudi kuomba tepe. Waliingia katika chama, na mnajua chama kile kilifikia wapi tarehe 7 Julai 1954.

Ndugu zangu, sasa tunafika mahali penye uzito wa maneno yetu, nao ni mwaka 1964.

Tulipopata Uhuru tarehe 9 Desemba 1961, batalioni ile ya sita ya Keya iligeuzwa jina, ikawa batalioni ya kwanza ya Tanganyika Rifles, katika kambi ya Colito, Dar es Salaam. Jina Colito ni la mahali pa vita kule Abisinia mwaka 1941. Bendera ilibadilika, na usiku ule wa Uhuru Luteni Alexander Nyirenda aliusimamisha Mwenge juu ya Kilimanjaro. Lakini mkuu wa jeshi alikuwa bado Mwingereza, Brigedia Sholto Douglas, na maofisa wa Kiingereza waliendelea kukaa katika nafasi kubwa miaka miwili baada ya Uhuru. Koplo aliyetoka Keya alitazama juu akaiona ngazi ileile iliyokatwa.

Usiku wa kuamkia tarehe 20 Januari 1964 askari wa Colito waliasi. Walidai mishahara zaidi, na walidai maofisa wa Kiingereza waondoke. Waliwafunga maofisa wao, wakaingia mjini. Kisha wakafanya jambo ambalo kwa mazungumzo yetu ya leo lina maana kubwa: walimtafuta mkuu wao wenyewe. Wakamchagua Luteni Elisha Kavana awe mkuu wa jeshi. Yaani cheo kilitolewa kwa kelele za askari wenye bunduki. Uasi ukaenea mpaka batalioni ya pili, Tabora.

Hatutaki kusema kwamba madai yao yote yalikuwa ya upuuzi. Dai la kwamba nchi huru isiongozwe jeshi lake na wageni lilikuwa dai ambalo hata sisi tungelisema katika mkutano. Lakini askari akichukua bunduki aliyopewa na wananchi akaitumia kudai cheo au mshahara, basi hakuna tena wananchi, kuna mwenye bunduki na asiye nayo. Serikali ililazimika kumwomba Mwingereza msaada, jambo lililotuuma sana, na tarehe 25 Januari askari wa majini wa Kiingereza walitua Colito. Jeshi likavunjwa. Askari wa Nigeria wakaja kulinda badala ya Waingereza mpaka sisi tujenge jeshi letu.

Basi fikirini hali ilivyokuwa mwezi wa Februari mwaka ule. Nchi haina jeshi. Majumbani wamerudi mamia ya watu wanaojua kazi ya askari, wengine na tepe, wengine na medali za Burma. Mlangoni wamesimama vijana wa TANU Youth League, walioitwa na Mwalimu Nyerere wajiandikishe, pamoja na vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa lililoanzishwa tarehe 10 Julai 1963. Hao hawajui kupanga mstari. Utamchukua nani? Na ukimchukua yule wa zamani, utamrudishia tepe zake?

Mtu wa hesabu angesema: warudishe wa zamani wote na vyeo vyao, umepata jeshi kwa siku moja. Serikali haikufanya hivyo. Waliojulikana kwamba hawakushiriki katika uasi waliweza kuendelea na kazi au kurudi, na ujuzi wao ulisaidia kuwafundisha wapya. Wengine mlango ulifungwa. Kitu kilichotazamwa kwanza kilikuwa mwenendo wa mtu katika siku zile chache za Januari. Miaka ya utumishi na tepe zilifuata nyuma. Na mwaka uleule askari waliruhusiwa kuwa wanachama wa TANU, jambo ambalo Mwingereza alilikataza kabisa. (Sheria hiyo ilikoma tulipoingia katika vyama vingi mwaka 1992, na ni sawa ikome: jeshi la nchi yenye vyama vingi haliwezi kuwa la kimoja.) Tarehe 1 Septemba 1964 likazaliwa Jeshi la Wananchi, na Colito ikaitwa Lugalo, mahali ambapo Wahehe walimshinda Mjerumani mwaka 1891.

Mkuu wake wa kwanza Mtanzania alikuwa Mrisho Sarakikya. Alikuwa ofisa kijana aliyefundishwa Sandhurst, na mwezi wa Januari alikuwa bado Kapteni. Katika mwaka mmoja akawa Brigedia. Mtu wa Keya mwenye miaka ishirini ya utumishi angeweza kunung'unika: mimi nilikuwa vitani yeye akiwa mtoto wa shule. Ni kweli. Lakini nafasi ile ilitaka mtu anayeaminiwa na nchi, aliyefundishwa kazi ya uongozi, na aliyekuwapo. Mambo hayo matatu hayapimwi kwa miaka peke yake.

Hapo ndipo tunasema kwamba jibu la kwanza, la "cheo ni mali yangu", halifai. Wale wa Colito waliodhani cheo ni mali waliishia kukitafuta kwa mtutu. TANU ilitufundisha kwamba cheo ni dhamana, nasi hatukuwa tukifundishwa hilo kwa ajili ya wenyeviti na mawaziri tu.

Jirani zetu walipata taabu yao wenyewe. Kule Kenya, Uhuru ulipokuja Desemba 1963, wapiganaji walitoka msituni na vyeo vya Jenerali na Field Marshal, vyeo walivyopeana wao kwa wao katika taabu isiyo na mfano. Lakini jeshi lililoirithi nchi lilikuwa lile la Keya, lililogeuzwa jina, na vyeo vyake vikabaki. Vyeo vya msituni havikuhesabiwa jeshini. Waruhiu Itote, aliyejulikana kama Jenerali China, alikuwa Koplo wa Keya huko Burma kabla ya kuingia msituni. Baada ya Uhuru alipewa kazi katika shirika la vijana la taifa. Ujenerali ulibaki katika jina watu walilomwita. Mwaminifu kwa mkoloni akabaki na tepe zake, na aliyemfukuza mkoloni akaambiwa cheo chako hakimo kitabuni. Twasema bila kuficha kwamba hilo lilikuwa chungu, na wapo waliokataa kutoka msituni kwa ajili ya uchungu huo. Zanzibar nako, katika Mapinduzi ya Januari 1964, John Okello alijiita Field Marshal, na kabla ya miezi michache kupita alikuwa nje ya nchi. Haya mawili si sawa hata kidogo. Vyeo vya msituni vilitolewa na wenzao waliokuwa tayari kufa chini ya amri hiyo. Cha pili mtu alijivika.

Jibu la pili, la kwamba mtu akivua sare ameacha kila kitu ghalani, nalo hatulikubali. Na ushahidi wetu ni vita ya Kagera. Amin alipolivamia eneo la Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, jeshi tulilokuwa nalo halikutosha. Waliitwa mgambo, makumi ya maelfu, kutoka vijijini kama hapa. Waliitwa vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa. Waliitwa polisi na magereza. Waliopata kushika bunduki zamani walikuwa na thamani ya dhahabu, kwa kuwa anayejua kufungua na kufunga silaha gizani hafundishwi tena jambo hilo kwa miezi mitatu. Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikaanguka. Baadaye mgambo wakarudi kwenye mashamba yao. Hatukusikia kwamba ujuzi wao uliwekwa ghalani Mutukula.

Mmoja wa makamanda wa vita ile alikuwa David Musuguri. Aliingia Keya mwaka 1942, chini kabisa, kama askari yeyote mweusi wa siku zile. Alipitia jeshi la mkoloni, akapita katika misukosuko ya mwaka 1964, akaongoza divisheni nzima katika Uganda, na kuanzia mwaka 1980 mpaka mwaka 1988 alikuwa Mkuu wa Majeshi. Amefariki Oktoba 2024, amepita miaka mia moja ya umri. Mtu huyo aliipanda ngazi yote kwa miguu yake, lakini kwanza ilibidi nchi iwe huru ndipo ngazi iunganishwe juu. Vijana, hilo la kuunganishwa ndilo msilolisahau mnaposikia sifa za juhudi ya mtu mmoja.

Basi kipimo ni kipi? Majeshi ya nchi nyingi za leo, Marekani mojawapo, askari wa zamani akirudi hutazama alikuwa na cheo gani alipotoka, amekaa nje muda gani, kazi yake ya ufundi ni ipi, na kama ipo nafasi katika kazi hiyo. Aliyekaa nje mwaka mmoja hawi sawa na aliyekaa kumi. Fundi wa redio wa miaka ishirini iliyopita hukuta redio nyingine kabisa. Twaona ni busara, wala hakuna haya kuikubali busara kwa sababu imetoka ng'ambo. Lakini kwetu sisi, baada ya yaliyotupata, tunaweka mbele ya hayo yote namna mtu alivyotoka. Aliyetoka kwa heshima, cheti chake kiseme hivyo, na kisomwe kabla ya kumpima kifua na macho.

Na hapa tutenganishe mambo mawili yanayochanganywa kila siku. Liko jambo la amri: nani atamwambia nani "mbele tembea". Hilo lifuate kazi ya leo, na aliyekabidhiwa kikosi leo ndiye aamrishe, hata kama ni kijana. Gwaride haliwezi kuwa na vichwa viwili. Liko jambo la utumishi: miaka aliyotumika, mafunzo aliyopata, vita aliyokwenda. Hilo halifutiki, na haifai mtu afundishwe tena kushika bunduki kama hajaiona. Ahesabiwe mafunzo yake, ajaribiwe upesi, na akifaulu apandishwe upesi kuliko kuruta wa jana. Kuanza chini hakumvunjii mtu heshima. Kuwekwa chini milele, huku fulani aliyekwenda na barua ya mjomba anaanzia katikati, hiyo ndiyo dhuluma, na tukiisikia tutaisema.

Kwa mama aliyeuliza juu ya kijana wake: muda wa Jeshi la Kujenga Taifa hauna cheo cha kuhamisha. Tangu mafunzo ya lazima yaliporudishwa mwaka 2013, baada ya kusimama tangu mwaka 1994, vijana wengi wamepita katika kambi hizo, na kama kila mmoja angeingia jeshini na tepe, pasingekuwa na wa kuzibeba bunduki. Mwambie aanze kuruta. Lakini mwambie pia atunze cheti chake cha kambini, na akiona mwenzake asiye na cheti anapita mbele yake kwa mlango wa nyuma, aje kwa viongozi wake na jina na tarehe. Asije na manung'uniko matupu.

Na kwa mzee wetu wa tepe tatu, ambaye hatutamtaja, ingawa twaona ameketi pale karibu na dirisha: simama mstarini, mzee. Kijana yule ndiye aliyekabidhiwa. Lakini tumezungumza na Mwenyekiti wa tawi, naye amekubali kwamba kijana huyo atakuja kwako kabla ya zoezi, akuombe uwafundishe wenzako yale unayoyajua ya vitani, na vijana wakuite afande kama walivyokuita wenzako. Hilo halihitaji sheria yo yote.

Limebaki moja. Wazee wa mgambo wa mwaka 1979 waliomo katika kata hii wanazidi kupungua, na wengi wao vyeti vyao vimeliwa na mchwa au vimebaki kwa mjukuu asiyejua thamani yake. Hatutaki siku moja mtu aletewe ufagio. Jumamosi asubuhi, kuanzia saa mbili, Katibu atakaa hapa na daftari. Kila mwenye cheti cha kuachishwa, kitambulisho cha zamani, medali, hata picha ya kambini, alete vinakiliwe na namba zake ziandikwe. Asiye na karatasi aje na wenzake wawili waliokuwa naye kikosi kimoja, waseme walikuwa wapi na mwezi gani. Wajane waje pia. Wenye baiskeli wawapitie wazee wanaokaa mbali na barabara, wawaambie tangu leo, kwa maana wengine hawana redio.